Je, wajua kwa nini hakimu humkataza mshtakiwa wa mauaji kujibu shtaka?

Kaa siku moja tu katika mahakama ya hakimu nchini Uganda, iwe Arua, Jinja au Nakawa, utaliona jambo hili kwa macho yako. Mtu wa wizi wa simu anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli au si kweli, anajibu. Anayefuata kizimbani ni wa mauaji. Anasomewa, karani anamtafsiria, na kabla hajafungua mdomo hakimu anamwambia asijibu lolote. Anarudishwa rumande. Ndugu zake waliokaa mabenchi ya nyuma wanatoka na uchungu, wakiamini mtu wao amenyimwa nafasi ya kujitetea.

Hakunyimwa. Jibu la mshtakiwa ndilo linalofungua kesi yenyewe, na mahakama isiyo na uwezo wa kusikiliza kesi haiwezi kuifungua. Katika mahakama za kiraia za Uganda, yaani zisizo za kijeshi, kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Hakimu Mkuu wa eneo anaweza kusikiliza mengine, hata yale ya kifungo cha maisha. Hakimu wa Daraja la Kwanza anaishia kwenye makosa yasiyofika kifo wala maisha. Kwa mtu wa mauaji, hakimu ni mlango wa kupitia tu: anasoma shtaka, anamweka rumande, anaahirisha tarehe mpaka upelelezi ukamilike.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza ya kuitafuta ni hati ya mashtaka, na kuisoma neno kwa neno. Kumnajisi mtoto wa miaka 15 kuna adhabu ya juu ya kifungo cha maisha, kwa hiyo kesi inaweza kubaki kwa Hakimu Mkuu. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mshtakiwa akiwa mzazi au mlezi wake, kosa linapanda daraja, adhabu ya juu inakuwa kifo, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Unyang'anyi nao ni hivyo hivyo: silaha ya kuua ikitajwa, umehama mahakama. Neno moja kwenye hati linabadilisha mahali utakapoombea dhamana, wakili utakayepewa, na siku utakazohesabu.

Hesabu ya kwanza ni saa 48. Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni saa zake zinakwisha Jumapili jioni. Andika saa ya kukamatwa na jina la kituo siku ileile, maana baadaye kila mtu atakuwa na saa yake. Zikipita bila mahakama, wakili au ndugu anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya habeas corpus, yaani polisi waamriwe kumleta mtu huyo na kueleza wanamshikilia kwa sheria gani. Haki hiyo Katiba imekataza isisimamishwe kwa hali yoyote. Kwa mtoto mambo ni makali zaidi: aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa, na mwingine yeyote chini ya miaka 18 hatakiwi kukaa kituoni zaidi ya saa 24, wala kuchanganywa na watu wazima.

Ndani ya saa hizo ndipo kesi nyingi huharibikia, kwenye maelezo ya onyo. Ofisa anakusomea kosa, anakuonya kwamba hulazimiki kusema na kwamba utakachosema kinaweza kutumika dhidi yako, kisha anaandika. Mahakama za Uganda zimeeleza zaidi ya mara moja utaratibu unaotakiwa: maelezo yaandikwe kwa lugha aliyoitumia mshukiwa, kisha tafsiri ya Kiingereza iandikwe kando. Kama umeongea Kiswahili, karatasi ya kutia saini iwe ya Kiswahili, na usomewe kwanza. Ukiletewa ya Kiingereza peke yake usiyoielewa, una haki ya kukataa kusaini. Na kukiri kosa ukiwa mikononi mwa polisi hakukubaliki mahakamani isipokuwa kumefanyika mbele ya hakimu, au ofisa wa cheo cha msaidizi wa inspekta kwenda juu. Maneno aliyoyachukua konstebo peke yake hayawezi kutolewa kama ungamo lako. Kama ulipigwa, mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa unapofikishwa, na omba aandike kwenye jalada. Sheria ya mwaka 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inamtaka jaji aitangaze kesi kuwa batili na kumwachilia mshtakiwa ikidhihirika aliteswa. Alama za mwili hupona haraka, lakini maandishi ya siku ile yanabaki.

Sasa dhamana, ambayo watu huichanganya. Bondi ya polisi hutolewa kituoni kabla ya kufikishwa mahakamani, nayo ni bure. Anayeomba pesa ya bondi anaomba hongo. Dhamana ya mahakama hutolewa na hakimu au jaji, na yaweza kuwa ya pesa taslimu au ya ahadi: mdhamini anatia saini kiasi fulani ambacho atakilipa iwapo mshtakiwa atatoroka. Pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha kama masharti yalitimizwa, kwa hiyo risiti ya benki itunzwe kama hati ya shamba.

Maombi hukwama kwa vitu vidogo. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, haina muhuri wala namba ya simu. Jina kwenye barua limeandikwa tofauti na la kitambulisho cha taifa. Mdhamini anaulizwa wajibu wake ni nini, anabaki kimya. Mwingine hajui mshtakiwa analala wapi. Wadhamini wawe wawili au zaidi, watu wazima wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja na kitambulisho chake na barua ya LC1 yake, na wawe ndani ya mahakama jina linapoitwa, wasiwe nje wakinunua chai. Kwa kesi ya Mahakama Kuu peke yake, dhamana huombwa huko, na umri mkubwa au ugonjwa mzito uliothibitishwa na daktari wa gereza ni sababu zenye uzito.

Halafu kuna siku 60 na siku 180. Kosa ambalo hakimu anaweza kulisikiliza, ukikaa rumande siku 60 kesi haijaanza, mahakama lazima ikupe dhamana kwa masharti ya kadiri. Kosa la Mahakama Kuu pekee, ni siku 180, lakini kuna sharti ambalo familia nyingi hazilijui: ni siku 180 kabla kesi haijakabidhiwa Mahakama Kuu. Ikikabidhiwa siku ya 170, haki hiyo ya lazima imekwisha, na kinachobaki ni dhamana ya hiari ya jaji. Hesabu zianze siku ya kwanza ya rumande, na maombi yawe tayari kabla ya siku ya 180.

Siku ya kukabidhiwa, mshtakiwa hupewa hati ya mashtaka ya Mahakama Kuu pamoja na muhtasari wa ushahidi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza unaona mashahidi ni akina nani na watasema nini. Karatasi hizo zisiachwe gerezani zikapotea. Nakala moja iende kwa wakili.

Wakili mwenyewe, kwa kosa la kifo au kifungo cha maisha, hulipwa na serikali, hata kesi ikiwa kwa Hakimu Mkuu. Omba kuonana naye kabla ya kesi kuitwa, maana akikutana nawe mara ya kwanza kizimbani hatakuwa na la kuuliza mashahidi.

Wengine huchagua kuafikiana na mwendesha mashtaka, yaani kukiri kosa kwa adhabu mliyokubaliana, utaratibu wenye kanuni zake tangu mwaka 2016. Mkataba husainiwa na mshtakiwa, wakili wake na upande wa serikali. Jaji akiona kosa linastahili adhabu kubwa kuliko mliyokubaliana, anaukataa mkataba na kesi inaendelea kwa njia ya kawaida. Asiyetenda kosa asiufuate mlango huo kwa sababu ya uchovu wa rumande.

Asiyeafikiana husubiri tarehe ya Mahakama Kuu. Shtaka linasomwa upya, mkalimani anasimama karibu bila malipo, na safari hii jaji anauliza: ni kweli au si kweli?