Masizi yasiyo masizi: kutambua kuvu ndogo za kwenye mabua na makuti makavu

Chukua bua la mahindi lililoachwa shambani tangu mavuno, lisogeze dirishani, uliangalie kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Yale yanayofanana na masizi karibu na vifundo yatajigawa mbele ya macho yako. Mengine ni unga mweusi uliotandazwa juu ya ganda. Mengine ni vipele vilivyozama ndani na kuchungulia kwa tundu dogo. Mengine ni vijiti vyembamba vilivyosimama wima, kila kimoja na kichwa cheusi, na urefu wake haufiki milimita moja. Hizo zote ni kuvu, na bua moja linaweza kubeba jamii tano au sita kwa wakati mmoja bila hata mojawapo kuchipua uyoga.

Kazi yangu ni kuzipa majina. Wanaoniandikia huniuliza nina hadubini ya aina gani. Ningependa zaidi waniulize ninaangalia nini. Umbo la spora, yaani chembe ya uzazi ya kuvu, hukupa nusu ya jibu tu, tena nusu inayodanganya. Nusu ya pili ni pale spora ilipozaliwa: imeshikwa na seli gani, imetoka kwa ncha au kwa ubavu, imeacha kovu la namna gani ilipobanduka. Anayekwangua unga mweusi kwa wembe na kuuweka kwenye kioo anapata maelfu ya spora yatima, kisha analalamika kwamba vitabu havieleweki.

Tuanze shambani, kwa sababu sampuli mbovu haiokolewi na lenzi yoyote. Tumia bahasha za karatasi. Mfuko wa nailoni hutoa jasho, na ukifika nyumbani umebeba uozo. Andika jina la mmea palepale, na sehemu ya mmea pia. "Jani kavu" si taarifa. "Upongoo wa kuti la mnazi, bado unaning'inia mtini" ni taarifa, kwa sababu kuvu zinazopenda upongoo si lazima ziwe zile za karara au za makumbi, na kuti lililolala kwenye udongo wenye unyevu lina wapangaji wengine kabisa. Kwa mabua na nyasi mimi hupendelea sehemu iliyonyanyuka kidogo kutoka ardhini, inayolowa kwa umande na kukauka mchana. Misitu ya Usambara Mashariki, pale Amani, ina unyevu wa kutosha hivi kwamba hata kijiti kilichonasa kwenye tawi huwa na kitu. Pwani kavu inabidi usubiri mvua au uitengeneze mwenyewe.

Kuitengeneza ni rahisi. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, tandika tishu, nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupozwa, panga vipande bila kuvirundika, funika. Siku mbili tatu za mwanzo zitatawaliwa na wakimbiaji, yaani Rhizopus na Mucor, kisha Trichoderma itageuza kona moja kuwa kijani. Usikate tamaa na usitupe. Kuvu za polepole hujitokeza baada ya wiki moja, mbili, hata nne. Kosa la wengi ni maji mengi: tishu ikichuruzika, bakteria wanachukua nyumba. Adui mwingine ni utitiri. Hula nyuzi za kuvu na kubeba spora kutoka sampuli moja hadi nyingine, kwa hiyo kila sampuli iwe na kontena lake.

Hadubini ya kawaida ya wanafunzi inatosha. Lenzi ya 4 na ya 10 ni za kutafutia, ya 40 ndiyo ya kazi, na ya 100 pamoja na tone la mafuta ni ya kuangalia nakshi za ukuta wa spora. Kitu ambacho watu hawakigusi ni kiwambo cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini. Kikiwa wazi kabisa, spora zisizo na rangi hazionekani, na mtu anaapa kwamba slaidi ni tupu. Kibane kidogo kidogo mpaka kingo zijitokeze.

Kisha kuna kipimo. Bila vipimo huna utambuzi, una maoni. Ndani ya jicho la hadubini panahitajika rula ndogo, na rula hiyo haina maana mpaka uilinganishe na slaidi ya kipimo yenye milimita moja iliyokatwa vipande 100, kila kipande mikroni 10. Kwa lenzi ya 40, tuseme mistari 40 ya rula yako inalingana na vipande 10 vya slaidi, yaani mikroni 100. Basi kila mstari ni mikroni 2.5. Spora inayochukua mistari mitano na nusu ina takriban mikroni 14. Fanya hesabu hiyo kwa kila lenzi, bandika karatasi ya majibu kwenye hadubini, na upime spora 20 au 30 zilizokomaa. Moja haitoshi.

Sasa rudi kwenye bua letu. Kwenye unga mweusi gusisha kipande cha selotepu angavu, kibandue polepole, kilaze juu ya tone la maji kwenye slaidi. Selotepu huinua kuvu ikiwa imesimama kwenye vikonyo vyake. Kwa vipele vilivyozama, ncha ya sindano ya insulini hufanya kazi nzuri kuliko vifaa vingi vya bei. Anza na maji, kila mara. Asidi ya laktiki na rangi ya kotoni bluu zina nafasi yake, ila zinaua seli na kubadili rangi, na ule utando wa ute unaozunguka baadhi ya spora unaweza kupotea usiujue kabisa. Ukiushuku, weka tone la wino mweusi wa kuchorea ubavuni: wino hauingii kwenye ute, kwa hiyo spora itabaki na duara jeupe pembeni.

Kwenye mahindi, mgeni wa kwanza mara nyingi ni Nigrospora. Spora zake ni nyeusi tititi, laini, zinang'aa, karibu duara kamili. Vitabu vya zamani vilitenganisha N. oryzae, yenye spora za mikroni 12 hadi 14 hivi, na N. sphaerica iliyo kubwa zaidi, mikroni 16 hadi 18. Lakini spora nyeusi za mviringo ni za kuvu nyingi. Kinachoitambulisha ni seli iliyo chini yake: fupi, isiyo na rangi, imevimba tumbo, na juu yake imekaa spora moja tu. Seli hiyo ina shinikizo la maji ndani, nayo huirusha spora mbali kwa kishindo. Ukiona duara jeusi bila tumbo hilo chini yake, endelea kutafuta kwenye slaidi kabla ya kuandika jina.

Jirani zake ni kuvu zenye spora ndefu za kahawia zilizogawanywa kwa kuta za ndani, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa kweli. Curvularia lunata ina seli nne, imepinda, na seli ya tatu kutoka chini ni kubwa na nyeusi kuliko wenzake, ndiyo inayoleta mpindo. Exserohilum turcicum, ile inayosababisha mabaka marefu ya kijivu kwenye majani ya mahindi, ina spora ndefu zaidi, na kwenye kitako chake kuna kovu lililochomoza nje waziwazi. Bipolaris haina mchomozo huo. Ukiwa na shaka, acha spora kwenye tone la maji usiku kucha mahali palipofunikwa: Bipolaris huota mirija kwenye ncha zake mbili, ikinyooka kufuata urefu wa spora. Hili si jambo la wataalamu peke yao. Exserohilum huishi kwenye mabaki ya mazao hadi msimu unaofuata, na mkulima anayepanda mahindi juu ya mahindi bila kufukia mabua anailaza nyumbani mwake.

Mpangilio huu wa kuangalia uzazi una historia. Mwitaliano Pier Andrea Saccardo, karne ya 19, alizipanga kuvu hizi kwa rangi ya spora na idadi ya kuta. Mpango wake ni mzuri kwa kutafutia, na mimi bado nautumia kama mlango wa kwanza. Mwaka 1953 Stanley Hughes, aliyewahi kukusanya kuvu huko Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kwamba namna spora inavyotokea ndiyo inayosema zaidi kuhusu undugu. Alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, ingawa vinasaba vimeonyesha kwamba hata hiyo namna ya kuzaa imezuka mara nyingi katika koo tofauti. Eneo letu nalo limo kwenye maandishi: mwaka 1985 Paul Kirk alichapisha kazi ndefu kuhusu kuvu za aina hii kutoka Mlima Kenya.

Makuti ni shule nyingine. Kuti kavu la mnazi likiwekwa kwenye unyevu hutoa mara kwa mara Zygosporium, ambayo ukiiona mara moja hutaisahau: kikonyo kinabeba seli nyeusi iliyojipinda kama mundu, na kwenye mundu huo zimepangwa seli ndogo nyeupe zinazozaa spora. Hapo spora zenyewe hazisemi mengi, ni vijiduara tu. Karibu yake utapata jamii ya Pestalotiopsis, spora za seli tano: mbili za kwenye ncha, moja kila upande, hazina rangi, tatu za katikati ni za kahawia, na juu kuna nywele mbili au tatu. Mwaka 2014 jamii hiyo iligawanywa, na wale ambao seli zao tatu za katikati hazilingani rangi wengi wao wakahamishiwa Neopestalotiopsis. Ni moja ya nyakati chache ambapo mabadiliko ya majina yalimwachia mtu wa hadubini kitu cha kushika.

Lasiodiplodia ndiyo inayowahangaisha wanaoanza. Iko kila mahali pwani: kwenye minazi, miembe, mikorosho, vijiti vilivyokauka. Spora zake zimo ndani ya vifuko vyeusi. Pasua kifuko kimoja na utaona spora za seli moja, zisizo na rangi, zenye ukuta mnene. Pembeni yake, kutoka kifuko hichohicho, kuna spora za kahawia zenye seli mbili na michirizi inayokwenda kwa urefu. Wengi huandika kuvu mbili. Ni kuvu moja katika umri mbili. Zile zisizo na rangi ni changa. Ndiyo maana nasisitiza kupima na kuchora zilizokomaa, na kusema wazi ulichopima.

Nikitaka kumvuta mtu kwenye kazi hii humwonyesha Tetraploa aristata. Itafute kwenye vitako vya nyasi kavu. Spora moja imejengwa kwa nguzo nne za seli zilizoshikamana, na kila nguzo inamalizikia kwa unywele mrefu. Ilielezwa mwaka 1850 na hakuna tatizo la kuitambua hadi jamii, hata kwa hadubini ya bei rahisi.

Si kila kinachoonekana ni kuvu. Viputo vya hewa vina mpaka mnene mweusi na katikati hamna kitu. Chavua ya mahindi ni kubwa mno, inakaribia mikroni 80 hadi 100. Nywele za jani la mmea huiga vizuri nywele nyeusi za kuvu iitwayo Colletotrichum. Chembe za wanga hugeuka bluu kwa iodini ya Lugol, na iodini hiyohiyo inahitajika kwa kazi nyingine, kwani baadhi ya kuvu zinazozaa spora ndani ya vifuko virefu zina pete kwenye ncha ya kifuko inayogeuka bluu. Ujue basi ni nini kilichobadilika rangi.

Kuna swali ninaloletewa kila msimu wa mavuno: "Daktari, niangalizie kama mahindi haya yana sumukuvu." Siwezi, na hakuna anayeweza kwa hadubini. Naweza kuona Aspergillus, kuvu inayoweza kuzalisha sumu hiyo, yenye kichwa cha kijani cha njano, lakini sumu yenyewe haionekani. Kuvu inaweza kuwepo bila sumu, na sumu ikabaki baada ya kuvu kufa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kutafuta sumu ni kipimo cha kikemikali, peleka mahindi maabara inayokifanya. Na usitikise gunia lenye ukungu karibu na pua yako.

Mwisho wa yote ni kuandika jina, na hapo nina msimamo unaowaudhi baadhi ya wanafunzi. Lasiodiplodia theobromae iliwahi kuwa jina la karibu kila kitu chenye spora zenye michirizi katika nchi za joto. Tangu mwaka 2004 spishi nyingi zimechomolewa humo kwa vinasaba, na kwa macho baadhi yake zinaingiliana vipimo. Colletotrichum gloeosporioides ina hadithi hiyohiyo. Kwa hiyo naishia kwenye jamii, na kwenye lebo yangu utakuta "Lasiodiplodia sp., kijiti kikavu cha mwembe" (sp. maana yake spishi haikutajwa), tarehe, mahali, vipimo vya spora zilizokomaa, na mchoro wa penseli wa jinsi zilivyoshikwa. Kipande kinakaushwa ndani ya gazeti, kinakaa kwenye friza siku kadhaa ili utitiri na wadudu wafe, kisha kinaingia bahasha mpya. Atakayekuja na mashine ya vinasaba atakikuta hapo, na akitaka kunipinga ana kitu cha kunipingia.