Ufafanuzi: Chumvi haifungi rangi ya sare mpya

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila mara: loweka sare mpya ya kazi usiku kucha kwenye maji ya chumvi, nayo haitachuja tena.

Si kweli, ingawa wazo lenyewe halikutoka hewani. Viwandani, chumvi hutumika wakati wa kutia pamba rangi: huisukuma rangi iliyo ndani ya maji iende kwenye nyuzi. Hapo ni kabla rangi haijashika. Kwa rangi nyingi za pamba, kinachoifunga ni magadi. Poliesta hutiwa rangi kwa joto kali, takriban nyuzi 130 za Selsiasi, na chumvi ya jikoni haiongezi kitu hapo.

Mkanganyiko unatokana na ufuaji wa kwanza. Sare mpya huwa na rangi ya ziada isiyoshika, na hiyo hutoka mapema, uweke chumvi au usiweke. Ufuaji wa pili maji yakiwa safi, chumvi inapewa sifa isiyo yake.

Mwenye sare mbili zinazofanana ajaribu: moja maji ya chumvi, nyingine maji matupu. Kisha alowanishe pindo za ndani na kuzikandamiza kwa kitambaa cheupe, alinganishe madoa.

Rangi hulindwa na maji baridi, kuigeuza sare ndani nje, na kuianika kivulini. Chumvi isiyosuuzwa vizuri inaweza hata kutia zipu kutu.

Ukiupokea tena ujumbe huo, usiusambaze.