Amplifaya ya kelele ndogo, saketi yenye kelele kubwa

Dhana: ukinunua amplifaya (chipu ya kukuza ishara) yenye kelele ndogo, yaani mitetemo midogo ya umeme isiyotakiwa, kazi imekwisha.

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Chukua amplifaya ya tofauti kamili, ile yenye njia mbili za kuingilia na mbili za kutokea, ambayo kelele yake ni nanovolti 1 kwa kipeuo cha pili cha hezi. Izungushie rezista nne za kilo-omu 1 ili ukuzaji uwe mara 1. Kwenye tokeo, chipu inachangia nanovolti 2. Rezista nne je? Takriban 8.1! Kelele hujumlishwa kwa miraba, hivyo jumla ni kama 8.4 (tukiacha kelele ya mkondo wa umeme kwenye maingilio ya chipu). Hata ukipata chipu isiyo na kelele kabisa, hujaokoa hata 0.3.

Kelele hiyo ya rezista hutokana na joto; watafiti Johnson na Nyquist waliieleza mwaka 1928, nayo imo katika kila rezista, ya bei yoyote. Shusha rezista hadi omu 200, jumla inakuwa kama 4.1. Lakini hapo chanzo cha mawimbi na chipu vyote vinabeba mzigo mzito zaidi, na upotoshaji unaweza kupanda.

Dhana: njia mbili hufuta kelele zote.

Hufuta ile inayofika sawasawa kwenye waya zote mbili, mfano mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani. Kelele za rezista kila moja iko kivyake, hazifutani. Hata mvumo wenyewe hupenya rezista zisipolingana: za asilimia 1, zikikengeuka vibaya kabisa, volti 1 inayofika sawa kwenye waya zote mbili huacha milivolti 20 kwenye tokeo. Za asilimia 0.1 huacha 2. Mimi pesa ningezipeleka huko kwanza.

Kelele ya pini ya VOCM, inayopanga volti ya katikati, nayo hupenya kwa mlango huohuo wa rezista zisizolingana. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhini, karibu kabisa na pini.

Dhana: kadiri chipu inavyokuwa na kasi, ndivyo bora.

Chipu ya kasi hupitisha masafa mapana zaidi, na upana wa masafa ni kelele. Zile nanovolti 8.4, zikipita kichujio sahili cha megahezi 1, zinakuwa mikrovolti 10.5, cha kilohezi 100, mikrovolti 3.3. Kama ishara yako haivuki kilohezi 20, kichujio cha rezista na kapasita mbele ya kigeuzi cha dijitali kitakusaidia kuliko chipu ya bei mbaya.