Si kweli kwamba bila adhabu kila mtu angeiba

Ule ujumbe wa "ondoa polisi na jehanamu uone, wote wataiba" bado unazunguka kwenye magrupu ya Mwanza. Si kweli. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la nchi 40: pochi zaidi ya 17,000 zilikabidhiwa wahudumu wa mapokezi kana kwamba zimeokotwa. Karibu kila nchi, zenye pesa zilirudishwa zaidi kuliko zisizo nazo, na hakuna aliyetishiwa. Adhabu ina kazi yake, sikatai, hasa mkosaji akijua atakamatwa.

Tunachanganyikiwa kwa sababu mwizi mmoja wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba huzungumzwa wiki nzima. Waliopita kando ya dagaa bila kugusa hawasimuliwi. Jiulize: chenji iliyozidi uliirudisha kwa kuogopa nani? Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze. Muulize aliyeutuma ushahidi uko wapi.