Gharama za maisha yote ya ndege ya kivita maana yake nini

Kila ikitangazwa nchi fulani inanunua ndege za kivita watu wanachukua jumla ya hela, wanagawanya kwa idadi ya ndege, alafu kelele zinaanza, aisee ndege moja bei yote hiyo, wamepigwa. Inawezekana kweli wamepigwa, ila kwa hesabu hiyo huwezi kujua, maana hujui ndani ya hiyo hela wameweka nini.

Gharama za maisha yote ni hela yote itakayotoka kuanzia serikali inapoanza mchakato wa zabuni mpaka ndege inakuwa chuma chakavu, na hapo katikati inapita miaka 30 au 40. Kuna ndege yenyewe, injini za akiba, makombora, simuleta ya kufundishia marubani, hanga, mishahara ya mafundi, spea, mafuta, programu za kompyuta za kusasisha kila baada ya muda. Ndege tupu ni kipande tu, na mara nyingi sio hata nusu.

Hapa Arusha jambo hili watu wanalijua vizuri, basi tu hawaliiti jina hilo. Muulize mwenye Cruiser ya utalii. Kununua gari na kulirefusha bodi ni mwanzo, apige zile trip za geti la Loduare kule Ngorongoro mpaka Naabi ya Serengeti ndo ajue shokapu zinavyokufa, bado bushi, tairi, bima, leseni, na mshahara wa dereva hata masika mvua inanyesha mgeni hamna. Bei aliyonunulia haikwambii gari linamla kiasi gani kwa mwaka.

Kanada ndo darasa lenyewe. 2010 serikali yao ilitangaza itanunua ndege 65 za F-35, ndege ya kivita ya Marekani, ununuzi dola za Kanada bilioni 9. Wapinzani wakabisha, na 2012 mkaguzi mkuu akatoa ripoti kwamba wizara yenyewe ndani ilikuwa na hesabu ya kama bilioni 25 kwa miaka 20, ila wabunge hawakupewa picha yote. Desemba mwaka huohuo KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, wakapiga hesabu upya wakaja na bilioni 45.8 kwa miaka 42. Sasa angalia, ndege ni zilezile 65 na ya kununulia ilibaki pale pale kwenye 9, kilichoongezeka ni miaka na vitu vilivyohesabiwa. Mpango ukasimamishwa, wakazunguka wee, 2023 wakarudi kwa F-35 hizohizo ila safari hii 88, ununuzi bilioni 19 na maisha yote kama bilioni 70, na ripoti ya ukaguzi ya 2025 ikaonyesha ile 19 imeshafika 27.7.

Kwahiyo pa kuchezea namba ni kwenye miaka na kwenye saa za kuruka. Wakaguzi wa Marekani wanaweka F-35A, toleo mojawapo la hizo F-35, kwenye zaidi ya dola 30,000 kwa saa moja ya kuruka, ukiandika kwenye makaratasi kwamba kila ndege itaruka saa chache kwa mwaka jumla inashuka vizuri tu na mtangazaji atasoma namba ndogo, wakati rubani asiyeruka ni hasara nyingine kabisa.

India nao 2016 walisaini kununua Rafale 36, ndege za kivita za Ufaransa, kwa Euro bilioni 7.87. Ukigawanya unapata kama milioni 218 kila moja na hapo ndo siasa ikawaka mpaka Mahakama ya Juu, lakini ndani mlikuwa na silaha, spea na marekebisho waliyoyaomba wenyewe.

Najua kuna mtu ataleta ishu ya rada yetu. Ile ni kesi nyingine, tulinunua kwa pauni milioni 28, BAE Systems, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia, wakakiri 2010 kwamba hawakuweka sawa hesabu za malipo ya dalali, wakatoa pauni milioni 29.5 ndo ile chenji ya rada iliyonunua vitabu na madawati. Pale swali lilikuwa bei ya kununulia imefikaje pale. Gharama za maisha yote ni swali la baada ya kununua, na unaweza kufaulu moja ukafeli lingine.

Afrika Kusini wao wana yote mawili. Mkataba wao wa silaha wa 1999 uliandamwa na kashfa za rushwa miaka na miaka, hiyo kila mtu anaijua. Isiyosemwa sana ni kwamba Gripen 26, ndege za kivita za Sweden walizonunua kwenye mkataba huo, zilifika, bajeti ya jeshi ikawa inapungua, nyingine zikawekwa stoo, na 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha bila mpya kusainiwa, ndege zote zikakaa chini. Zilianza kurudi hewani baada ya mkataba mpya wa 2022.