Kurekebisha Hati ya Madai Katika Kesi ya Deni Nchini Kenya

Katika kesi za deni ninazoshughulikia, kasoro ya hati ya madai, yaani hati ambayo mdai huanzishia kesi, mara nyingi huwa kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mwuza saruji anayedai Sh1,860,000 kwa ankara ambazo hazijalipwa, kisha utetezi unapoletwa inabainika kwamba mdaiwa alikuwa amemtumia Sh340,000 kwa M-Pesa na fedha hizo hazikuondolewa. Wateja wengine hupendelea tunyamaze hadi siku ya ushahidi. Mimi hukataa, kwa sababu mdai anayetoa ushahidi unaokinzana na hati yake mwenyewe hujivunjia heshima mbele ya hakimu, na pia kwa sababu malipo hayo, ajabu ni kwamba, yanamfaa yeye: kwa mujibu wa kifungu cha 23 cha Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, muda wa kudai deni lililolipwa kwa sehemu huhesabiwa upya kuanzia tarehe ya malipo ya mwisho, na muda huo kwa deni la mkataba ni miaka 6.

Amri ya 8 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 inamruhusu mdai kurekebisha hati yake mara moja bila ruhusa ya mahakama, mradi ubadilishanaji wa hati, yaani hatua ya pande mbili kupelekeana madai, utetezi na majibu, haujafungwa. Iwapo mdai hakujibu utetezi, hatua hiyo hufungwa siku 14 baada ya yeye kukabidhiwa utetezi huo. Dirisha hilo likipita, ni lazima kuomba ruhusa, na hapo mahakama bado hufuata msimamo wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika Eastern Bakery dhidi ya Castelino ya 1958, kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya kesi kusikilizwa yaruhusiwe kwa wepesi ikiwa hayamletei upande wa pili dhuluma isiyoweza kufidiwa kwa kulipwa gharama za kesi.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni jina la mdaiwa. Kosa la kweli katika jina, lisilomfanya mtu yeyote atilie shaka nani anashtakiwa, linaweza kusahihishwa hata baada ya miaka 6 kupita. Kumwondoa mkurugenzi aliyeshtakiwa na kuiweka kampuni yake mahali pake ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hao ni watu wawili mbele ya sheria, na kampuni itadai kwamba muda umeisha.

Hati yenyewe huandaliwa hivi: Sh1,860,000 hukatwa kwa mstari mwekundu huku ikiendelea kusomeka, na Sh1,520,000 huandikwa na kupigiwa mstari mwekundu chini. Mahakama ikitoa ruhusa bila kutaja muda, hati iwasilishwe ndani ya siku 14, la sivyo amri hiyo hukoma, isipokuwa mahakama iongeze muda.