Dawa za TB: mwezi wa pili ndipo vijana wa uswahilini wanapokatiza

Kijana wa Manzese au Vingunguti akianza kukohoa, kituo chake cha kwanza huwa duka la dawa muhimu. Lipo jirani, linachelewa kufungwa, na halimpotezei siku ya kibarua. Atatoka na dawa ya maji na amoksilini, atasema ni vumbi la barabarani au "nimonia" ya kuendesha bodaboda usiku, na wiki tatu zitakatika. Mambo huharibika zaidi akiuziwa siprofloksasini au livofloksasini. Dawa za kundi hilo huwadhoofisha bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Anapata nafuu ya muda, na ugonjwa unachelewa kugundulika. Usipime kikohozi kwa ukali wake, hesabu siku: wiki mbili zikifika, apimwe TB. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi ni sababu ya kwenda mapema zaidi, na anayeishi na VVU aende kwa kikohozi chochote. Kovu la BCG begani halimkingi mtu mzima. Chanjo ile huwalinda hasa watoto wadogo dhidi ya TB kali.

Kwenye kipimo, kinachoharibu majibu mara nyingi ni mate. Sukutua mdomo kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, asubuhi, kabla ya kula. Yanatakiwa makohozi mazito, kiasi cha kijiko cha chai. Fanyia nje penye upepo, si chooni wala chumbani. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, na hapo hapo huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Jibu likisema hakuna TB na kikohozi kikaendelea, rudi uombe picha ya kifua.

Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita, na katika vituo vya serikali hayalipiwi. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kila siku, kwa uzito: kilo 40 hadi 54 vidonge vitatu, kilo 55 hadi 70 vinne. Miezi minne inayofuata hubaki dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Kwa kuwa kipimo cha dawa hufuata uzito, usikubali kuondoka kliniki bila kupanda mzani. Kijana aliyeanza na kilo 52 anaweza kuvuka 55 na kuhitaji kidonge cha nne.

Mtihani wenyewe uko mwezi wa pili. Kikohozi kimeisha, nguvu zimerudi, mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya jioni, na foleni ya kliniki iko asubuhi, saa zile zile za abiria. Kijana anajiona amepona. Lakini dawa zimeua kwanza bakteria wanaozaliana kwa kasi. Waliolala ndio wanaochukua miezi iliyobaki, nao ndio humrudishia ugonjwa, pengine ukiwa sugu. Jambo la pili ni njaa. Hamu ya kula hurudi kwa nguvu, na anayekula mlo mmoja kwa siku huona dawa ndizo zinazomtesa. Vidonge hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, ila vikimchefua, avimeze na uji kidogo au anapokwenda kulala. Kumeza na chakula ni bora kuliko kuacha. Siku ikimpita, aendelee kesho yake bila kudabo dozi.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu, hauna madhara. Ganzi za miguu huzuiwa kwa vitamini B6, iulizie. Macho kuwa ya njano au kuona ukungu ni jambo jingine: acha dawa na urudi kituoni siku hiyo hiyo.

Wasichana wengi hawaelezwi hili, na wanastahili kuelezwa siku ya kwanza kabisa: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havipungui nguvu namna hiyo. Mwambie mhudumu unatumia njia gani kabla hujapewa dawa, na tumia kondomu wakati mnapanga mabadiliko.

Nyumbani, usimtenge mgonjwa sahani na kikombe. TB haipiti huko. Hupita hewani, ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa maboksi kwa kuogopa vibaka, au ndani ya kibanda umiza siku ya mechi. Feni inazungusha hewa ile ile. Fungua dirisha na mlango unaoelekeana nalo ili hewa ipite, hata kama ni mchana tu. Baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi uwezo wa kuambukiza hushuka sana, kwa hiyo kumfukuza mwenzenu kwenye chumba cha kuchangia hakuwakingi. Kunamtoa kwenye dawa. Wote mnaolala naye mchunguzwe, watoto wa chini ya miaka mitano wakitangulia. Msiokuwa na ugonjwa mnaweza kupewa dawa ya kinga: ipo ya kila siku kwa miezi sita, na ipo ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12.

Akipata kibarua machimboni Geita au akirudi kijijini, asiondoke kimya. Aombe fomu ya uhamisho na dawa za kumfikisha, abebe kadi yake, na ataje kituo anachokwenda ili kliniki impigie simu mhudumu wa huko kuthibitisha kwamba amefika.